Kijana anataka usukani: mwongozo kamili kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtihani wa kidato cha nne ukiisha mwezi Novemba, nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe huanza kusikia ombi lile lile. Asubuhi ni baridi, gari limelala nje, na kijana anakuja kwa adabu zote: "Shikamoo baba. Naomba funguo, niliwashe tu lipate moto." Wiki inayofuata analirudisha nyuma kidogo ili alioshe vizuri. Baadaye amelifikisha getini. Krismasi ikifika ameshaenda nalo dukani kununua mkate, na mzazi anagundua kuwa ndani ya nyumba kuna dereva ambaye hakuna mtu aliyekaa chini kuamua amfundishe.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mjomba au shangazi anayetaka jambo hili lipangwe. Msimamo wangu nausema mapema: huku kwetu milimani, siku ya kupata leseni si siku ya kumkabidhi kijana gari. Ndiyo siku ambayo mzazi anahamia kiti cha abiria na kuanza kazi yenyewe. Sheria inatoa umri na mtihani. Haimfundishi mtu kushuka mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao huku mvua inanyesha.

Umri: miaka 18, na hakuna "hapa hapa mtaani"

Tanzania Bara, gari huendeshwa na mtu aliyetimiza miaka 18 na mwenye leseni ya daraja la gari hilo. Sheria ni ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Barabara ya vumbi ya Isyesye au Kihesa ni barabara, hata kama trafiki haonekani huko mwaka mzima. Kosa haliishii kwa kijana pia: mwenye gari anayemruhusu mtu asiye na leseni aliendeshe naye ametenda kosa. Kwa hiyo ule utetezi wa "nilimtuma tu gengeni" haumsaidii baba. Unamwingiza.

Kisha kuna bima, na hapa ndipo watu huamka wamechelewa. Toa mkataba wako kabatini usome sehemu ya madereva. Mikataba ya bima ya magari kwa kawaida hudai dereva awe na leseni halali. Kijana wa miaka 16 akigonga ukuta wa jirani na bajaji iliyokuwa imeegeshwa, usitegemee bima ilitengeneze gari lako, na hata kwa yule mwingine huenda ukadaiwa wewe.

Madaraja ya leseni yanayowahusu vijana si mengi. H ni leseni ya kujifunzia. B ni gari dogo la nyumbani. A1 ni pikipiki isiyozidi cc 125 na isiyo na kigari cha pembeni. Kubwa kuliko hiyo inahitaji A. Hili la pikipiki lipigieni mstari, maana vijana wengi huanza na pikipiki ya mjomba na kuona si chombo cha moto kamili. Boxer ya cc 150 haiendeshwi kwa leseni ya A1. Madaraja ya abiria yanadai uzoefu wa miaka kwenye daraja la chini kwanza, kwa hiyo kijana anayeota kuendesha basi la Dar hana njia ya mkato.

Kuna hoja utakayoletewa mezani: "Mbona Marekani wanaendesha wakiwa na miaka 16?" Ni kweli, majimbo mengi huanza hapo, na Uingereza gari ni miaka 17. Ambacho mtoto hatakwambia ni masharti yanayokuja na leseni hiyo ya Marekani. Kwa miezi kadhaa haruhusiwi kuendesha usiku wa manane, wala kujaza marafiki ndani ya gari, na kabla ya hapo alishaendesha saa nyingi mtu mzima akiwa pembeni. New Zealand ndiyo iliyotangulia kuweka leseni ya ngazi kwa ngazi, mwaka 1987. Walibaini kuwa dereva kijana huwa hatarini zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake, na hatari hiyo hupanda kukiwa giza na kukiwa na wenzake ndani ya gari. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwetu leseni ni moja: ukiipata leo, usiku wa leo unaweza kwenda Tunduma na watu wanne. Ngazi zile itabidi uziweke wewe nyumbani.

Kabla ya miaka 18: mfundishe akiwa kiti cha kushoto

Mtoto wa miaka 15 au 16 ana mengi ya kujifunza bila kugusa usukani. Akikaa mbele na mkanda umefungwa, mpe kazi. Mwambie asimulie barabara kwa sauti: "Bodaboda kulia hana kofia, anaangalia simu. Hiace imewasha indiketa lakini haijasimama. Kuna watoto wa shule pale, mmoja anafukuza mpira." Mwanzoni ataona upuuzi. Baada ya safari chache kati ya Mwanjelwa na Uyole ataanza kuona vitu kabla yako, na hapo ujue macho ya udereva yameanza kufunguka.

Mfundishe gari likiwa limezimwa. Apime oili asubuhi kabla injini haijapata moto. Afungue rejeta ikiwa baridi tu. Abadilishe tairi kwa mikono yake, si kwa kutazama fundi. Na asome tairi: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Matairi ya mtumba yanauzwa yakiwa na kashata nzuri kabisa huku mpira umezeeka, umepasuka nyufa kama udongo wa kiangazi. Kijana anayejua kusoma namba hizo atakuokolea hela, na pengine zaidi ya hela.

Kuhusu "kuliwasha lipate moto": kataeni tu, kwa upole. Gari la kisasa halihitaji kuunguruma robo saa ili lipate moto. Dakika moja, kisha liondoke taratibu. Funguo zikae chumbani kwa wazazi.

Akifikisha miaka 18: karatasi na chuo

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu utaratibu haufichiki. Kijana ajiandikishe NIDA, apate namba ya mlipakodi ya TRA, kisha aingie chuo cha udereva kinachotambulika. VETA wapo Mbeya na Iringa, na vyuo binafsi ni vingi. Chuo kitamwongoza kupata leseni ya kujifunzia. Akihitimu anapimwa na polisi wa usalama barabarani, akifaulu anapewa cheti cha umahiri, na TRA inachukua picha na alama za vidole. Malipo yote yanapita kwenye namba ya malipo, hayapiti mfukoni mwa mtu. Tangu mwaka wa fedha 2019/20 leseni inakaa miaka 5 na ada yake ni shilingi 70,000.

Ataletewa pia ofa nyingine: mtu "anayejuana na watu" atakayeleta leseni nyumbani bila chuo wala mtihani. Mzazi anayelipia hiyo amelipa ili mwanawe asifundishwe.

Kabla ya kulipa ada ya chuo, nenda ukaangalie. Gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu? Lina mabango ya L mbele na nyuma? Wanafunzi wangapi wanapakiwa kwa zamu moja? Wakiwa watano kwa saa moja, mwanao anaendesha dakika 12 na zilizobaki anatazama visogo vya wenzake. Uliza pia kama wanapanda mlima. Kuna vyuo vinavyozunguka uwanja mmoja tambarare mpaka siku ya mtihani, na huku kwetu hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwenye beseni.

Pima macho yake pia. Asome namba ya gari iliyo mita 20 mbele yake mchana kweupe. Akikunja uso, mpeleke kliniki ya macho kwanza.

Na ajifunze gari la manyuo hata kama la nyumbani ni otomatiki. Atakayeijua klachi ataelewa gia inafanya nini, na gia ndiyo itakayomshusha mlima.

Milima: sehemu ya kukaa nayo muda mrefu

Kuanzia hapa kijana ana leseni, na wewe umekaa kushoto kwake.

*Kuondoka kwenye mpando.* Tafuta mtaa wenye mwinuko na usio na magari mengi. Asimame, avute hendibreki, aingize gia ya kwanza, aachie klachi pole pole mpaka asikie mlio wa injini umeshuka na pua ya gari imeinuka kidogo. Hapo ndipo anaongeza mafuta na kuachia hendibreki. Gari lisirudi nyuma hata kiganja kimoja. Arudie mpaka achoke, kisha arudie tena siku nyingine mvua ikiwa imenyesha. Siku atakapokwama kwenye foleni ya kupanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, akiwa na bodaboda wawili wamemng'ang'ania nyuma, mikono ifanye yenyewe.

*Kushuka.* Kama una nafasi ya kumfundisha jambo moja tu, liwe hili. Kwenye Kitonga, Mlima Nyoka, mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi au Senjele, breki za miguu si za kushukia. Zikikanyagwa mfululizo kilomita kadhaa zinapata moto, nguvu inapungua, na dereva anakanyaga zaidi, jambo linaloongeza moto. Ndivyo malori "yanavyofeli breki", na gari dogo halina kinga maalumu dhidi ya joto hilo.

Utaratibu ni huu. Gia iingizwe kabla mteremko haujaanza, si katikati. Kanuni ya madereva wa zamani inatosha: gia ambayo ungeupandia mlima, ndiyo unayoushukia. Kwenye otomatiki atoe gia D na kuingiza L, 2, S au B kulingana na gari, au azime O/D kwa kitufe kilichopo kwenye Toyota nyingi. Injini itanguruma, asiogope, hiyo ndiyo kazi yake. Mwendo ukizidi, akanyage breki kwa nguvu kiasi, ushuke, kisha aachie kabisa ili breki zipoe. Asiuweke mguu juu ya pedeli muda wote.

Akisikia harufu kama ya mpira na chuma vinavyoungua, huku pedeli inazama kuliko kawaida, asingoje kuona kitakachofuata. Atafute mahali penye nafasi, asimame, aweke mawe nyuma na mbele ya matairi, asubiri zipoe. Asimwagie maji, kwa sababu diski yenye moto inaweza kupasuka. Na pedeli ikikataa kabisa gari likiwa kwenye mwendo: aipampu haraka haraka, ashushe gia moja moja, avute hendibreki kidogo kidogo bila kuikwanyua, na aelekeze gari upande wa mlima, si wa bonde.

Sasa ile habari ya kushuka na fri, yaani bila gia, ili "kubana mafuta". Kijana ataiokota kijiweni, pengine hata kwa baba mdogo. Mwambie hivi: gari lenye mfumo wa sindano za kielektroniki, yaani karibu magari yote yanayoingia nchini siku hizi, likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, linakata mafuta lenyewe. Likiwa kwenye fri, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka na fri anapoteza breki ya injini na mafuta pia.

*Ukungu.* Isyonje, Makambako, Mafinga, na ile barabara ya Chunya inayopanda Loleza: unaweza kuondoka mjini kuna jua ukafika usione bango. Awashe taa za chini. Taa kali zinagonga ukungu na kumrudia machoni. Kioo kikipata mvuke ndani, awashe kiyoyozi pamoja na hewa ya moto kuelekea kioo. Kufuta kwa kiganja kunaacha mafuta yanayong'aa usiku. Hazadi ziwashwe akisimama, siyo akitembea. Najua huku wengi wanatembea nazo, lakini zikiwaka zote indiketa haionekani, na anayekufuata hajui kama unasonga au umeganda.

*Mvua.* Kuanzia Novemba hadi Mei, ziko siku barabara inakuwa sabuni, hasa mvua ya kwanza baada ya vumbi na oili ya kiangazi. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimamia breki unakuwa mara nne. Kwenye maji unazidi hapo. Mfundishe kuhesabu pengo: gari la mbele likipita nguzo, aseme polepole "elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu". Akifika kwenye nguzo kabla hajamaliza, yuko karibu mno. Mvua ikinyesha, ahesabu hadi sita.

*Malori na magari ya IT, yaani yanayopitishwa nchini kupelekwa nchi jirani.* Barabara kuu ya Tanzania kwenda Zambia hubeba mizigo ya nchi mbili tatu, na kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kinakojengwa njia nne, kinabadilika mara kwa mara. Njia aliyoiona jana huenda leo imehamishwa. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto akimaanisha "pita", kijana asipite kwa sababu hiyo. Indiketa hiyo hiyo inaweza kumaanisha anataka kusimama, na hata kama ni salamu njema, macho yanayolipa ni ya anayepita. Asiovateki kwenye kona, kileleni wala daraja linapokaribia, hata kama lori linatambaa kilomita 15 kwa saa. Magari ya IT yanayokimbilia mpakani usiku ayaache yapite. Asogee kushoto, apunguze mwendo, ayape njia.

Akiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, apunguze hapo hapo. Mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi baada tu ya kona. Wengine hawana pembetatu, wana panga.

*Vijijini.* Igurusi, Chimala, Ilula, Ifunda: kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Tochi ya trafiki na faini ya 30,000 visiwe ndiyo sababu anayoikumbuka. Gulio linapokaa kando ya lami, watu huvuka wakiangalia ndoo za nyanya.

Mwaka wa kwanza: sheria za nyumbani

Andikeni kwenye karatasi, wote mweke sahihi, ibandikwe jikoni. Inaonekana kama mchezo, lakini inamwondolea kijana aibu mbele ya marafiki. Anaweza kusema "mzee kaweka sheria" na mambo yakaisha.

Ningeanza hivi. Miezi mitatu ya kwanza haendeshi bila mtu mzima mwenye leseni kando yake. Inayofuata mitatu, mchana tu, ndani ya mji. Mpaka mwaka uishe: rafiki mmoja ndani ya gari, si zaidi, na saa mbili usiku gari liwe nyumbani. Mkanda kwa kila mtu, wa nyuma pia; mwili wa abiria wa nyuma asiyefunga humwangukia aliye mbele yake.

Simu iingie kwenye boksi la dashibodi kabla ya kuwasha gari. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kusoma meseji kwa sekunde mbili ni kusafiri mita 44 bila dereva.

Pombe ni sifuri. Sheria inaweka kikomo cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini kiwango hicho hakina maana kwa mtu anayekunywa ulanzi. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, na hakuna chupa iliyoandikwa asilimia. Mwahidi kitu kimoja, na ukitimize: akipiga simu saa yoyote akisema "mama, nimekunywa" au "aliyetuleta amekunywa," utakwenda kumchukua, na maneno yatasubiri kesho.

Akiharibikiwa au akikuta ajali

Atoe gari nje ya lami kama linatembea, awashe hazadi, abiria watoke upande wa kushoto na wasimame mbali na barabara, si nyuma ya gari. Pembetatu kwenye tambarare iwe hatua 50 au zaidi nyuma. Kwenye kona iwekwe kabla ya kona, hata kama ni mbali, kwa sababu pembetatu inayoonekana pamoja na gari haijamwonya mtu. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Trafiki akifika: shikamoo afande, leseni, maelezo mafupi ya alichokiona, bila kubishana na bila kutia sahihi asichokisoma.

Akimkuta majeruhi asimvute kutoka kwenye gari ila kama kuna moto au gari linaelekea kuporomoka. Damu inayotoka kwa kasi aibane kwa kitambaa na asiachie.

Na akikuta tenki la mafuta limepinduka, asisogee kusaidia, kupiga picha wala kuangalia. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya tenki lililopinduka kulipuka huku wengi wakichota petroli. Matenki kama hilo yanapita Mbeya mchana na usiku. Kijana azime sigara ya mtu yeyote aliye naye, ageuze gari, arudi umbali ambao hasikii harufu ya petroli, azuie wanaokuja na apige 114 akiwa huko huko.